Jino limeacha kuuma lenyewe, sasa hospitali naenda kufanya nini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 38, nyumbani ni Mbagala, nina mke na watoto wawili. Napakia bandarini Dar, napeleka Lubumbashi, narudi na shaba. Nakuandikia kwa sababu nyumbani tumebishana mpaka tumechoka, na mke wangu ndiye aliyesema nikuulize wewe.

Gego langu la chini kushoto lilitoboka siku nyingi. Mwanzo chakula kilikuwa kinaingia tu, nachokonoa na njiti, maisha yanaendelea. Baadaye maji ya baridi yakaanza kunichoma, nikawa natafunia na kunywea upande wa kulia. Safari iliyopita ndiyo mambo yakaharibika. Tulikuwa Tunduma, foleni ya kuvuka haisogei, nimejilaza kwenye kitanda cha kabini. Nikilaza kichwa tu, jino linapwita. Maumivu yanapanda sikioni, yanashuka shingoni, mpaka nikawa sijui ni jino la juu au la chini. Nikikaa yanapungua kidogo. Kilichonishangaza, yale maji ya baridi yaliyokuwa yananichoma zamani sasa yakawa ndiyo dawa, na chai ya moto ndiyo inaniua. Usiku kucha nimekumbatia chupa ya maji ya baridi: napiga funda, nalituliza pale kwenye jino, maumivu yanakatika. Maji yakipata joto mdomoni, yanarudi. Natema dirishani, napiga funda jingine. Utingo wangu alikuwa amelala kiti cha mbele, asubuhi ananiuliza eti nilikuwa naosha nini.

Hapo kila mtu akawa daktari. Duka la dawa wakanipa diclofenac na zile antibayotiki za rangi mbili, nikameza siku mbili nikaacha. Dereva mwenzangu akanipa tramadol, nikalala kweli, ila kesho yake nikajikuta nasinzia kwenye usukani na tela limejaa nyuma yangu. Mwingine akasema kiboko yake ni maji ya betri. Nikachovya pamba, nikaweka. Fizi ikageuka nyeupe, ikachubuka, na jino likaendelea vilevile. Mwisho utingo akanipeleka kwa mzee mmoja anayetoa wadudu wa meno. Anachoma mbegu kwenye mkaa, unafunikwa kanga, unaachama juu ya moshi, halafu anakuonyesha wadudu weupe wanaelea kwenye bakuli la maji. Niliwaona kwa macho yangu, Shangazi.

Basi, tukiwa tunarudi, tumeshapita Makambako, maumivu yakakatika ghafla. Mpaka leo sijameza hata panadol. Kilichobaki ni vitu vidogo tu. Nikifunga mdomo jino lile linatangulia kugonga, limekuwa kama limerefuka. Na pembeni ya fizi pametoka kipele, kinapasuka chenyewe, kinatoa maji ya chumvichumvi yenye harufu, kinanywea, halafu kinajaa tena.

Mke wangu amekomaa kwamba niende hospitali. Mimi namwambia kisichouma hakitibiwi. Nilipitia kliniki moja ya meno mtaani, kuuliza bei tu, wakaniambia jino linaweza kuokolewa kwa tiba ya mzizi, naenda mara tatu, laki mbili na nusu, na bado kofia ya kulifunika inalipiwa peke yake. Hospitali ya serikali nimeambiwa kung'oa ni elfu ishirini. Mke anasema nisithubutu kung'oa, nitaonekana mzee kabla ya wakati. Na mimi Dar sikai, tajiri akipata mzigo nimeondoka.

Nikuambie na ukweli mwingine: naogopa. Nikiwa darasa la sita niling'olewa jino ganzi haijashika. Nilisikia kila kitu, na tangu siku hiyo sijakaa tena kwenye kile kiti. Halafu nilipopima afya mara ya mwisho waliniambia presha iko juu kidogo, sijui kama inahusika.

Niende? Nikienda, ning'oe au niliokoe? Na nikishikwa tena nikiwa njiani, kwenye begi niwe na nini?

Dereva wa Mbagala


Marahaba, mwanangu. Mpe mkeo salamu zangu, na umwambie ubishi wa kwanza ameshinda: unakwenda. Ule wa pili, wa kung'oa, nitafika huko.

Jino lako halijapona. Limekufa. Ngoja nikueleze lilivyokufa, maana barua yako imeeleza ugonjwa vizuri kuliko wagonjwa wengi niliowapokea nilipokuwa muuguzi chumba cha meno.

Ndani ya jino, chini ya ile sehemu ngumu unayoiona, kuna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na neva. Kutoka hapo njia nyembamba zinashuka mpaka kwenye ncha za mizizi. Tundu lilipokuwa halijafika chumbani, jino lilikuwa linashtuka kwa baridi, basi. Wakati ule lingezibwa siku moja ukarudi kazini. Bakteria walipoingia chumbani, ile nyama ikavimba. Jipu la mguuni likivimba, ngozi inatanuka. Ndani ya jino hakuna pa kutanukia, kuta ni ngumu pande zote, kwa hiyo msukumo wote unaiangukia neva. Ukilala, damu inaelekea kichwani kwa wingi, ndiyo maana linapwita usiku. Joto likiongeza ule msukumo unaruka, baridi ikiupunguza unapumua. Mtu akiniambia tu kwamba amelala na chupa ya maji ya baridi, sihitaji hata kumwambia aachame. Neva iliyofika hapo hairudi nyuma, hata umeze duka zima. Yako ilifia huko Makambako, na kitu kilichokufa hakiumi.

Sasa wale bakteria hawakuondoka. Wako ndani wanakula mabaki, usaha unatokea kwenye ncha ya mzizi na kuingia kwenye mfupa wa taya. Jino limerefuka kwa sababu lina uvimbe chini yake unaolisukuma juu. Kile kipele ndio mlango ambao usaha umejichimbia kutokea nje. Husikii maumivu kwa sababu mlango uko wazi. Siku utakapojiziba, na haujizibi siku uliyopanga wewe, utaamka Kapiri Mposhi shavu limekufunika jicho.

Na hapa naomba usome polepole. Gego la chini ni jirani na sakafu ya mdomo, chini ya ulimi. Usaha ukishuka huko, uvimbe unatanda chini ya kidevu na kuelekea shingoni, ulimi unanyanyuliwa juu, mtu anashindwa kumeza hata mate yake, na mwisho anashindwa kupumua. Daktari Mjerumani aliyeitwa Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo unaitwa kwa jina lake na hadi leo unaua. Kwa hiyo ukiwa popote barabarani, ukaona uvimbe umeshuka chini ya taya, au mdomo haufunguki vizuri, au unashindwa kumeza, sauti imebadilika, homa inakutetemesha, safari imeishia hapo. Usiseme nitavuta mpaka Dar. Egesha, utafute hospitali kubwa iliyo karibu, iwe Morogoro, Iringa, Mbeya au Ndola, uingie mlango wa dharura. Huo si wakati wa kuulizia chumba cha meno kinafungwa saa ngapi.

Yule mzee wa wadudu. Uliwaona, sibishi. Mbegu zikipata moto zinapasuka, na kiini chake ni cheupe, kidogo, kimejikunja. Kikidondoka kwenye maji mtu mwenye maumivu anaona mdudu. Mwambie siku nyingine achome zilezile bila mtu kuinama juu yake, wadudu watatoka tu. Jino linaozeshwa na bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi, na hao huwezi kuwaona kwa macho. Nilichokipenda ni kwamba mzee huyo hakukushika na koleo. Wapo wanaong'oa vibarazani kwa kifaa kilekile kutoka mdomo huu hadi ule, na huko mtu anaondoka na homa ya ini bila kujua ameipata wapi.

Maji ya betri ni asidi ya salfuriki, ile ile unayoikimbia ikimwagika kwenye suruali. Ilichofanya ni kuunguza fizi. Nilishaona mtu aliyeiweka mara nyingi mpaka meno mazima ya jirani yakaliwa. Dizeli, ugoro, mafuta ya taa, aspirini ya kusaga unayobandika kwenye fizi, yote kapu moja. Cha kienyeji ninachokubali ni karafuu. Hiyo ina eugenoli, kitu kinachotia ganzi kweli, na madaktari wa meno wenyewe wanaichanganya kwenye dawa ya kuzibia kwa muda. Mafuta yake kidogo kwenye pamba, unaigusisha ndani ya tundu, usiyamwage kwenye fizi kwa sababu nayo yanachoma. Karafuu nzima ukiitafuna pole pole karibu na jino pia inasaidia.

Rangi mbili nayo ina hadithi yake. Watu wengi wanaamini jino likiuma ni la antibayotiki, na wauza dawa wengine hawakatai. Ukiwa na maumivu tu bila uvimbe wala homa, antibayotiki haipunguzi kitu. Na likishakufa, dawa inasafiri kwa damu, damu haiingii tena ndani ya jino, kwa hiyo wale bakteria wa ndani haiwafikii hata kidogo. Inaweza kutuliza uvimbe wa nje, ikakupa wiki chache, ukadhani umepona. Daktari akikuandikia kwa sababu ya uvimbe na homa, maliza kama alivyoandika. Lakini kumeza siku mbili na kuacha ni kuwazoesha bakteria dawa, ili siku unaihitaji kwa nimonia isikusikie.

Tuje kwenye swali lako gumu. Kliniki haikukudanganya. Jino lililokufa linaweza kubaki mdomoni na kutafuna miaka mingi. Daktari analitoboa juu, anatoa uozo wote, anasafisha zile njia kwa visindano vyembamba na dawa, anazijaza na kuziba. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na njia tatu, wakati mwingine nne, ndiyo maana kazi ni ndefu na bei inapanda. Kofia si urembo. Gego lililotibiwa hivyo limebaki ganda, ukikutana na mfupa wa mbuzi pale Ruaha Mbuyuni linapasuka, na likipasuka kuelekea mzizini pesa yako yote imekwenda. Kwa hiyo ukipiga hesabu, piga laki mbili na nusu pamoja na kofia. Usijidanganye kwamba kofia utaiweka mwakani.

Lakini kabla ya pesa ipo picha ya eksirei. Usilipe hata senti ya tiba ya mzizi kabla ya kupigwa picha na kuelezwa kilichoonekana. Ikiwa tundu limeshuka chini ya fizi, au mzizi umepasuka, au juu hakuna jino lililobaki la kushikilia kofia, hakuna cha kuokoa, mjadala umeisha, unang'oa.

Ikiwa picha inaruhusu, nina swali moja kwako: utarudi? Nakuuliza kwa sababu nawajua madereva. Wengi walikuja mara ya kwanza, jino likafunguliwa, likasafishwa, likawekwa kizibo cha muda, wakasikia nafuu, hatukuwaona tena. Kizibo cha muda kinakaa wiki chache, kikianza kuvuja bakteria wanarudi ndani. Walikuja mwaka unaofuata wamevimba, na jino lenyewe limemeguka. Msimamo wangu, na daktari mwingine anaweza kunipinga, ni kwamba tiba ya mzizi iliyoachwa nusu ni mbaya kuliko kung'oa. Umelipa na jino umelikosa.

Kwa hiyo likizo ndiyo itakayoamua. Umeajiriwa kwa mkataba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na mbali na hiyo ipo likizo ya ugonjwa, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu. Ya ugonjwa inahitaji karatasi ya daktari. Najua posho ya safari haimo humo na ndiyo inayolisha nyumba, najua pia kuna matajiri wakisikia neno sheria wanatafuta dereva mwingine. Ongea naye kama mtu mzima: mwambie dereva aliyevimba shingo katikati ya Zambia atamgharimu zaidi ya dereva aliyepumzika Mbagala. Ukipata muda wa kutosha kumaliza kazi yote, na pesa ya kofia ipo, liokoe. Muulize daktari pia kama anaweza kumaliza kwa mkao mmoja. Wapo wanaofanya hivyo, ingawa penye usaha kama pako wengine hupenda kwanza kuweka dawa ndani na kusubiri. Ukikosa muda au kofia, ng'oa bila kujilaumu.

Kuhusu uzee, mwambie mkeo gego moja la nyuma halionekani hata ukicheka. Mashavu yanaingia ndani mtu akipoteza meno mengi. Ambacho ni kweli ni kwamba pengo likikaa muda mrefu, jino la nyuma yake huanza kulala kuelekea kwenye pengo na la juu huanza kushuka. Unaweza kuweka la bandia la kuvaa na kuvua, au daraja, yaani la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, mambo yakiwa mazuri. Wapo wengi wanaoishi na pengo lao vizuri tu.

Hofu yako naichukulia kwa uzito. Haikuwa uoga wa mtoto; ulidhulumiwa. Taya la chini ni gumu kutiwa ganzi kuliko la juu kwa sababu mfupa wake ni mnene, hivyo kwa magego sindano inachomwa nyuma kabisa, inapopita neva kabla haijaingia kwenye mfupa, na inabidi kusubiri. Aliyekung'oa zamani pengine hakusubiri. Penye usaha mbichi ganzi inafanya kazi kwa shida pia, sababu nyingine ya kwenda sasa hivi wakati huna uvimbe, usingoje shavu lijae. Ukikaa kitini, kabla ya yote, sema: "Daktari, niling'olewa zamani ganzi haikushika, naogopa." Atakugusa kwanza na kifaa chenye ncha. Nusu ya mdomo wa chini ikiwa nzito, na akikuchoma husikii ukali, imeshika. Ukisikia ukali, inua mkono, ataongeza. Jua tu kwamba ganzi inaondoa maumivu, haiondoi kusukumwa. Utasikia taya linavutwa na utasikia mlio, na hilo ni kawaida.

Presha inahusika, umefanya vizuri kuitaja. Mwambie daktari, kwa sababu ganzi nyingi za meno zina adrenalini ndani yake. Watakupima, na ikiwa juu sana watakutuma ikashushwe kwanza. Kama umeshaandikiwa vidonge vya presha, vimeze siku hiyo kama kawaida. Nakuomba pia upime sukari. Mtu mwenye kisukari asichokijua, usaha wa jino unamwendea mbio, na kipimo chenyewe ni tone la damu.

Ukiwa Mbagala, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Temeke. Amana na Mwananyamala nazo zina idara za meno. Zahanati ya mtaa usipoteze nauli. Kama una bima, uliza dirishani kabla ya kukaa kitini kwamba kadi yako inalipia nini. Kung'oa na kuziba kunaweza kulipiwa, kofia ukaambiwa ujitegemee. Atakayekuhudumia anaweza kuwa daktari wa meno au tabibu wa meno. Wote wamesomea, na kung'oa ni kazi ya kila siku ya tabibu, wengine mkono wao ni mwepesi kuliko wa daktari. Angalia tu vifaa vinatolewa kwenye pakiti au trei iliyotakaswa.

Ukishang'olewa, ng'ata ile pamba nusu saa bila kuifungua kuchungulia. Siku hiyo usisukutue, usiteme teme, usivute sigara, usinywe kwa mrija, usinywe kitu cha moto. Lile bonge la damu kwenye shimo ndilo dawa yenyewe. Likitoka, mfupa unabaki wazi, na siku ya pili au ya tatu unashikwa na maumivu mabaya kuliko ya jino. Kwa hiyo usiondoke na gari usiku huohuo. Kaa nyumbani siku tatu zipite. Kesho yake anza kusukutua taratibu maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi.

Sasa begi lako. Weka paracetamol ya miligramu 500: vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Ibuprofen inatuliza jino vizuri zaidi, na ukimeza pamoja na paracetamol zinasaidiana, lakini familia yake yote, pamoja na ile diclofenac, inapandisha presha na kuchoma tumbo lenye vidonda, na figo pia. Wewe mwulize kwanza daktari anayekupima presha. Akikuruhusu, ni miligramu 400 baada ya kula, mara tatu kwa siku, siku chache tu, na usichanganye ibuprofen na diclofenac, maana ni kumeza dawa moja mara mbili. Soma pakiti: kuna vidonge vya mchanganyiko ambavyo vina diclofenac na paracetamol ndani yake, ukiongeza panadol juu yake umevuka kipimo bila kujua, na ini ndilo linalolipa. Ongeza chupa ndogo ya mafuta ya karafuu, pamba na chumvi. Usiku inua kichwa kwa mito miwili.

Tramadol usiitie begini. Uliniambia ulisinzia kwenye usukani ukaendelea na barua kana kwamba umetaja hali ya hewa. Mteremko wa Kitonga unaujua kuliko mimi. Isitoshe ni dawa inayodhibitiwa, kuvuka nayo mpaka bila cheti cha daktari ni kujitafutia kesi katika nchi isiyo yako.

Kitu kimoja hukukitaja, nami nakibahatisha: zile chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu. Kukesha barabarani unapiga funda kidogo kidogo kutoka Chalinze mpaka Iringa, meno yanaoga sukari na asidi usiku mzima bila kupumzika. Ukiinywa, imalize kwa mara moja, usukutue na maji. Na mwambie daktari akague meno yote siku hiyo. Tundu dogo lililopo leo linazibika kwa pesa ya kawaida.

Tajiri akikupigia una mzigo kabla hujaonwa, mwambie una miadi ya hospitali, utapakia unaofuata. Siku ya kwenda, kunywa uji asubuhi, usiende na njaa, andika kwenye karatasi majina ya dawa zote ulizomeza. Na nenda na mkeo. Ukitoka pale umeng'ata pamba, simu ya tajiri ikiita, wa kujibu atakuwa yeye.

Shangazi